Kusoma Vitabu vya Maarifa kwa Mazungumzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali ambayo walimu wa Gredi 1 hadi 4 hapa Mombasa huuliza tena na tena wanapoanza kuwafundisha watoto kusoma vitabu visivyo vya hadithi. Yameanzia mambo ya msingi, yakaishia hali zisizo za kawaida. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye nambari ya swali lake.

## Mambo ya msingi

1. Vipengele vya matini ya taarifa ni vipi?

Ni kila kilichomo ukurasani mbali na aya zenyewe, kilichowekwa ili msomaji aipate habari upesi au aielewe vizuri: kichwa na vichwa vidogo, yaliyomo, herufi nzito, picha na maelezo yake, mchoro wenye majina ya sehemu, jedwali, ramani na ufunguo wake, kisanduku cha habari za ziada, sherehe na faharasa.

Majina hayafanani katika vitabu vyote. Kitabu kimoja huiita orodha ya maneno na maana zake "sherehe", kingine huiita "faharasa", na kwingine faharasa ni orodha ya mada pamoja na kurasa zake. Ndiyo maana tunasisitiza kazi kwanza, jina baadaye. Mtoto aliyekariri kwamba faharasa hutoa maana ya neno atakwama akifungua kitabu cha pili. Anayejua kwamba kuna orodha ya kumfikisha ukurasani na nyingine ya kumpa maana ataangalia mwenyewe aone hii aliyoshika ni ipi.

2. Kwa nini tuzungumze? Si nitaandika orodha ubaoni wanakili?

Wanaweza kunakili, na Ijumaa watakutajia vipengele vyote kumi bila kukosea. Jumatatu uwape kitabu cha viumbe wa baharini uwaulize pweza anakula nini, wengi wataanza kusoma ukurasa wa kwanza, neno kwa neno. Majina wanayo, lakini hawajui yanawasaidia nini.

Katika mazungumzo mtoto hulazimika kusema alipoiona habari na alifikaje pale. Akisema "nimeiona hapa chini ya picha", ametumia kipengele. Mwenzake akimwambia "lakini mimi nimeiona kwenye jedwali, na nambari si hiyo", sasa wote wawili wana sababu ya kurudi ukurasani. Kurudi huko ukurasani ndiko tunakokutaka.

3. Nianze na kipengele gani?

Picha na maelezo yake, kwa sababu hata asiyejua kusoma vizuri ana la kusema juu ya picha. Fuatiza vichwa vidogo, kisha mchoro wenye majina, kisha yaliyomo. Jedwali, ramani na faharasa vije baadaye, kwa kuwa kila kimoja kinataka ujuzi mwingine wa kando: kusoma mistari kwa safu, kujua pande za dunia, kujua mpangilio wa alfabeti.

Kipengele kimoja kwa wiki kinatosha. Ukifundisha vitatu kwa siku moja, watoto hubaki na majina matatu wasiyoyatofautisha.

4. Watoto wa chekechea wanaweza?

Ndiyo, kwa picha, lebo na alama. Soma wewe kwa sauti, wao waonyeshe kwa kidole. Usiwadai majina ya vipengele.

## Kuendesha mazungumzo

5. Kipindi ni dakika 30 tu. Nitakipangaje?

Dakika 3 za kuuliza swali ambalo kitabu kitalijibu. Dakika 5 watoto waangalie ukurasa kimya, bila wewe kueleza lolote. Dakika 5 wazungumze wawili wawili. Dakika 12 darasa zima. Dakika 5 za mwisho kila mtoto afanye kazi fupi peke yake: aandike sentensi moja, achore, au aonyeshe. Hapo umepata 30, na ukianza kugawa vitabu ndani ya kipindi muda hautatosha, kwa hivyo vitabu viwe mezani kabla ya kengele.

Kinachoharibika mara nyingi ni zile dakika 5 za kuangalia kimya. Mwalimu huona kimya kama muda unaopotea akaanza kueleza. Akishaeleza, hakuna la kuzungumzwa tena. Watoto watarudia aliyoyasema.

6. Ni maswali gani huwafanya waseme, si kuitikia "ndiyo mwalimu" tu?

Maswali matatu hubeba kazi kubwa, na unaweza kuyatumia kwa kipengele chochote:

"Hapa unajua nini ambacho aya haikukuambia?"

"Tukikifunika hiki, tutakosa nini?"

"Umeona wapi? Tuonyeshe."

La pili lifanye kwa vitendo. Kata kipande cha karatasi, kibandike kwa tepu kwenye ukingo wa juu pekee ili kiinuke kama pazia, ufunike maelezo ya picha. Waulize picha ni ya nini. Andika makisio yao matatu au manne ubaoni, kisha mmoja aje ainue. Usitumie gundi: itachana ukurasa, na kitabu ni cha shule.

Epuka "hii inaitwaje?" Swali hilo lina jibu moja, na wanaolijua ni wale wale kila siku.

7. Watoto watatu ndio wanaojibu, wengine wamenyamaza. Nifanyeje?

Kwanza hesabu sekunde unazongoja. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe aliwachunguza walimu akakuta kwamba baada ya kuuliza swali hungoja kama sekunde moja tu. Walipongoja sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na watoto zaidi wakazungumza. Hesabu moyoni "moja... mbili... tatu" kabla ya kumtaja mtu. Mara za kwanza itakuwia ndefu mno.

Pili, wazungumze na jirani kabla ya darasa zima. Mtoto aliyekwisha kuisema sentensi yake mara moja kwa sauti ya chini haogopi kuirudia. Tatu, muulize asimulie alichosema mwenzake: "Jirani yako ameona nini?" Hapo hadhaniwi kukosea yeye, na analazimika kusikiliza.

Wape pia vianzio vya sentensi kwenye karatasi ya manila ukutani: "Nimeona hapa kwamba...", "Nakubaliana naye kwa sababu...", "Mimi naona tofauti, tazameni...". Herufi ziwe na urefu wa sentimita 5 hivi ili walio nyuma wasome.

8. Nina watoto 60 na vitabu vitano.

Usigawe vitabu vitano kwa watoto 60. Watavutana na anayeshika kitabu ndiye atakayesoma. Chora ukurasa mmoja kwa ukubwa kwenye manila: kichwa, mchoro, jedwali, na aya mbili fupi. Kuuchora huchukua jioni moja, lakini utautumia wiki nzima, na mwaka ujao pia ukiukunja vizuri.

Vitabu vile vitano viwe vya kikundi kimoja kwa zamu: watoto 10, wawili kwa kitabu, huku wengine wakifanya kazi ya kuandika. Ukienda kikundi kimoja kwa siku, kila mtoto atapata zamu ndani ya siku sita za masomo.

Maandishi ya bure yapo tele: paketi ya unga, karatasi ya maelekezo ndani ya kisanduku cha dawa (dawa zenyewe zisiingie darasani), ukurasa wa gazeti la Taifa Leo, kalenda. Paketi ya unga peke yake ina kichwa, jedwali la lishe, hatua za kupika na tarehe.

9. Mtoto akitoa jibu lisilo sahihi mbele ya wenzake, nimsahihishe?

Mwulize ameona wapi, kwa sauti ile ile unayomwuliza aliyepata. Ukiuliza "umeona wapi?" kwa wanaokosea tu, baada ya siku mbili watajua kwamba swali hilo lina maana ya "umekosea". Mara nyingi akirudi kuonyesha, hujisahihisha mwenyewe. Asipoweza, darasa limsaidie kwa kuonyesha ukurasani. Mfano kamili uko swali la 13.

10. Tuzungumze Kiswahili, Kiingereza au lugha ya nyumbani?

Katika Gredi 1 hadi 3 mtaala unaruhusu kufundisha kwa lugha ya eneo, na kwa watoto wengi wa Mombasa lugha hiyo ni Kiswahili. Kitabu kikiwa cha Kiingereza, acha watoto wazungumze kwa Kiswahili juu ya ukurasa wa Kiingereza. Mchoro na jedwali havibadiliki kwa lugha, na fikra inayokuja kwa lugha iliyozoeleka huwa nzito zaidi.

Kuna na Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mtoto atasema "mtele" na kitabu kimeandika "mchele", atasema "ndia" na ramani imeandika "njia". Usimkatize katikati ya hoja yake kumsahihisha. Pokea hoja, kisha waonyeshe darasa: "Sisi twasema mtele, kitabu kimeandika mchele. Kwenye faharasa tutatafuta kwa herufi gani?" Hivyo lahaja yao inakuwa sehemu ya somo, na hakuna aliyeaibishwa kwa usemi wa nyumbani kwao.

## Kipengele kwa kipengele

11. Maelezo ya picha yafundishweje, na watoto wanaijua picha tayari?

Hilo ni tatizo la kweli hapa. Ukionyesha picha ya Fort Jesus, darasa zima litapiga kelele jina lake kabla hujamaliza swali, na wataona maelezo hayana kazi. Gawa ubao safu mbili: "Picha inatuambia" na "Maandishi yanatuambia". Kwenye safu ya kwanza watasema kuta nene, mizinga, bahari. Sasa inua karatasi wasome: ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Waulize ni wapi kwenye picha panapoonekana mwaka. Hapaonekani. Ni nani aliyejenga? Haonekani.

Baada ya hapo watoto wenyewe waandike maelezo ya picha mbili: moja ya sentensi inayosema kinachoonekana tu, nyingine inayoongeza kisichoonekana. Wazungumzie ipi inamsaidia msomaji zaidi.

12. Mchoro wenye majina: nitumie mchoro gani?

Tumia kitu ambacho baadhi ya watoto wanakijua kuliko wewe. Mchoro wa jahazi ni mzuri sana Mombasa. Chora chombo kwa ubavu, weka mistari minane: omo (mbele), tezi (nyuma), mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga), tanga, demani (kamba ya kuongozea tanga), mkuku (uti wa chini wa chombo), usukani. Andika majina matano, mistari mitatu uiache wazi. Mtoto wa mvuvi aliyekaa nyuma muhula mzima atakuwa na la kuwaambia wenzake.

Kosa la kawaida ni mstari usiogusa sehemu yake. Mstari wa "foromali" ukiishia hewani kati ya mlingoti na tanga, watoto watagawanyika makundi matatu, kila kundi na jibu lake. Ukikosea hivyo usifute haraka. Waulize kwa nini wameelewa tofauti, kisha mmoja aje arefushe mstari hadi uguse ule mti wa juu unaobeba tanga. Watakumbuka kwamba mstari wa lebo ni sehemu ya habari.

13. Jedwali linawashinda. Wanasoma kama aya.

Watoto husoma jedwali kutoka kushoto hadi kulia, mstari hadi mstari, kama walivyofundishwa kusoma. Jedwali linataka vidole viwili: kimoja kishuke safu, kingine kipite mstari, vikutane. Fanyeni kwa mwili kwanza: mtoto mmoja atembee kati ya safu za madawati, mwingine kando ya mstari, wakutane kwenye dawati moja.

Jedwali la maji kujaa na kupwa linafaa kuliko yote, kwani lina faida wanayoiona. Hili ni la mfano wa darasani, si la kuendea baharini:

| Siku | Kujaa | Kupwa | Kujaa | Kupwa |
|---|---|---|---|---|
| Jumatatu | 04:10 (mita 3.5) | 10:20 (mita 0.3) | 16:30 (mita 3.6) | 22:40 (mita 0.4) |
| Jumanne | 04:50 (mita 3.5) | 11:00 (mita 0.3) | 17:10 (mita 3.6) | 23:20 (mita 0.4) |

Mazungumzo yake huenda hivi:

Mwalimu: Jumatatu mchana maji yatakupwa saa ngapi?

Mtoto: Saa kumi na dakika ishirini.

Mwalimu: Umeona wapi? Tuonyeshe.

Mtoto: Hapa. Kumi, ishirini.

Mwalimu: Saa kumi na dakika ishirini wewe huwa wapi?

Mtoto: Tumeshatoka shule.

Mwingine: Lakini hapa kujaa kwa jioni kumekuja baadaye! Hiyo ni saa ya simu. Ni saa nne.

Yule wa kwanza alisoma safu na mstari sahihi. Kilichompotosha ni saa, na jibu la "hapana, umekosea" lingemfanya adhani vidole vyake ndivyo vilivyokosea. Wafundishe kugeuza: kuanzia saa 07:00 hadi 18:59 toa 6 (10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi, 16:30 ni saa kumi na nusu jioni), kuanzia 19:00 toa 18 (22:40 ni saa nne na dakika arubaini usiku), alfajiri ongeza 6 (04:10 ni saa kumi na dakika kumi). Saa za 00 hadi 06 ndizo za kuongeza.

Maswali ya kuendelea nayo: Jumanne maji yamechelewa kwa dakika ngapi? Kwa nini mita 0.3 na mita 3.5 ziko mbali hivyo? Hapa wengine watataja bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na mwezi mpevu, na watauliza jedwali la maji mafu lingekuwaje. Waache wakisie nambari zitapanda au zitashuka kabla ya kuwaonyesha kwamba maji mafu hupunguza tofauti hiyo.

14. Ramani je?

Anza na kisiwa chenu. Mtoto aliyevuka feri ya Likoni anajua kwa miguu yake kwamba Mombasa imezungukwa na maji, lakini hajui kwamba rangi ya buluu kwenye ramani ndiyo yale maji aliyoyavuka. Uliza: "Mtu wa Likoni na mtu wa Nyali wote wanataka kufika Mji wa Kale. Kila mmoja atavukaje maji, na ramani imeonyesha vipi?" Hapo wataenda wenyewe kwenye ufunguo kutafuta alama ya feri na ya daraja.

Jihadhari na fotokopi. Ramani iliyoandikwa "sentimita 1 ni kilomita 1" ukiikuza kutoka A4 hadi A3, kila sentimita imekuwa 1.4. Mtoto atapima sentimita 7 aseme kilomita 7, kumbe ni 5. Kipimo cha mstari uliochorwa hukua pamoja na ramani, kwa hivyo hakidanganyi. Chagua ramani yenye mstari.

15. Faharasa na kamusi: wanajua alfabeti, mbona hawapati neno?

Kwa sababu ya viambishi. Mtoto anayetafuta maana ya "anavua" atakwenda kwenye A na kukosa. Katika kamusi liko kwenye V, "vua". Anayetafuta "mikoko" katika kamusi atalipata chini ya umoja, "mkoko". Lakini faharasa ya kitabu cha mazingira huenda ikaorodhesha wingi, "mikoko", kwa sababu ndivyo kitabu kilivyozungumzia.

Wafundishe kugonga milango miwili: neno lilivyo, kisha neno lililovuliwa kiambishi au kugeuzwa umoja. Andika maneno sita ubaoni, kwa mfano "wavuvi", "visiwa", "hupanda", "majani", "samaki", "zinaogelea", wawili wawili wajadili kila moja litafutwe kwa herufi gani. "Samaki" liwemo makusudi, maana halibadiliki.

## Hali zisizo za kawaida

16. Baadhi ya watoto hufungua kitabu kutoka nyuma. Ni ulemavu wa kusoma?

Uliza kwanza kama anasoma chuoni, yaani madrasa. Watoto wengi wa Mombasa husoma juzuu jioni, na juzuu hufunguliwa kutoka kulia. Mtoto huyo ana ujuzi wa mifumo miwili. Weka vitabu viwili juu ya meza, mmoja wao awaonyeshe wenzake jalada la kila kimoja liko upande gani na nambari za kurasa zinakwenda wapi.

17. Picha na maandishi havikubaliani.

Hutokea, hasa picha inapowekwa ili kupamba tu. Aya inasema kasa, picha ni ya kobe wa nchi kavu. Usikifiche kitabu. Ni nafasi adimu ya kuwaonyesha kwamba kitabu nacho huulizwa. Wazungumzie ni kipi cha kuaminiwa na kwa nini, kisha watafute kitabu cha pili cha kulinganisha.

18. Kitabu kina mhusika na mazungumzo, lakini pia kina majedwali. Ni hadithi au ni maarifa?

Ni vyote viwili. Waulize ni sentensi zipi zingeweza kuhakikishwa kwa kwenda kuangalia, na zipi zimebuniwa. Mtoto anayesema kasa alizungumza na mvua atacheka mwenyewe akifika hapo.

19. Mtoto haoni vizuri, au ukurasa wenyewe umejaa kupita kiasi.

Mlete mbele, na kata dirisha la sentimita 10 kwa 6 katikati ya karatasi ngumu. Alitembeze juu ya ukurasa aone kipengele kimoja kwa wakati. Dirisha hilo husaidia pia watoto wanaorukaruka na macho. Lebo alizoshindwa kuzisoma zisomwe na jirani, lakini yeye ndiye aonyeshe zinagusa wapi. Akiendelea kusogeza kitabu puani, mwambie mzazi ampeleke apimwe macho.

20. Nitajuaje wameelewa, na sikuwapa mtihani?

Wape kitabu ambacho hawajawahi kukiona, swali moja, na dakika 2. Angalia mkono unakwenda wapi kwanza. Akifungua ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma, bado. Akienda kwenye yaliyomo, au akipekua akitafuta vichwa vidogo, andika alama kwenye daftari lako. Watoto watano kwa siku wanatosha; usiwaite wote kwa mkupuo mmoja, kwani wa mwisho watakuwa wameshawaona wa kwanza.

21. Wazazi wasaidie vipi, na nyumbani hakuna vitabu?

Mpe mtoto swali la kwenda nalo nyumbani, lenye jibu lililo jikoni: "Paketi ya unga inasema kilo ngapi, na umeona wapi?" "Kibiriti kina onyo gani?" Mzazi asiyesoma naye anaweza kushiriki, kwa sababu kazi yake ni kusikiliza na kuuliza "nionyeshe". Kesho yake anza kipindi kwa majibu hayo. Wawili watakuja na tarehe tofauti za mwisho wa kutumika, na watataka kujua kwa nini.